Ukuta wa Timu ya Blanketi

Jumapili moja nilikuwa jikoni naosha vyombo, redio ikiwa juu ya friji, na mtangazaji alikuwa akizitaja timu za zamani zilizomilikiwa na viwanda vya Nairobi. Alipofika kwa yetu alivuta pumzi kidogo, akasema, "Nayo ikapotea," kisha akaweka muziki. Ikapotea, kama soksi. Niliizima redio kwa mkono wenye povu nikamwuliza baba, aliyekuwa sebuleni, kama amesikia. Akasema amesikia, na kwamba kijana yule ana sauti nzuri sana ya redio.

Baba yangu ndivyo alivyo. Alicheza beki wa kushoto kwenye timu hiyo ujana wake wote, ikamwachia goti bovu na nyonga inayomsumbua akipanda ngazi, na sijawahi kumsikia akiisema vibaya kampuni. Anakaa nami Donholm tangu mama alipofariki. Nikianza kufoka kuhusu kiwanda, hunikatiza kwa upole. "Walitupa kazi, mwanangu." Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Kariobangi. Nauza simiti na misumari, nabishana na mafundi kutwa nzima na mara nyingi nawashinda, lakini kwa hilo moja sijawahi kumshinda baba.

Basi acha niseme mimi, kwa sababu yeye hatasema, na yule wa redio hajui kitu.

Kiwanda kilikuwa cha mablanketi. Timu ilibeba jina la kampuni, jina refu ambalo hakuna mtu mtaani aliyejisumbua kulitamka. Sisi tuliiita Blanketi tu. Wachezaji wote walikuwa waajiriwa. Asubuhi walifanya kazi kama watu wengine, huyu kwenye mashine za kufuma, yule stoo, baba kwenye idara ya rangi, na king'ora cha saa sita kikilia waliachiliwa waende mazoezini huku wenzao wakirudi kwenye mashine. Kijicho kilikuwepo, sitasema uongo, lakini kilikuwa cha siku za kazi. Jumamosi wale wale waliokuwa wakinung'unika ndio waliokauka koo kwa kushangilia. Baba alirudi nyumbani na mikono yenye rangi ya oda ya wiki hiyo. Tulijua shule za bweni zinakaribia kufunguliwa alipoanza kutukatia mkate kwa vidole vya kijivu.

Kulikuwa na desturi moja ambayo sijaisikia kwingine. Mchezaji akifunga goli Jumamosi, Jumatatu aliruhusiwa kuingia stoo ya mablanketi yaliyokataliwa, yale ambayo mstari umekwenda upande au rangi zimevujiana, achague moja aende nalo nyumbani. Kwa hiyo katika mtaa wetu magoli yalitandikwa. Mgeni akija kulala aliambiwa kabisa analala chini ya goli gani, lilifungwa dhidi ya nani, na refa alitaka kulikataa kwa sababu gani. Nahodha wetu, aliyekuwa mshambuliaji na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na mablanketi mpaka mkewe akayafanya mapazia. Jua la saa nane likipiga dirishani kwao, chumba kizima kiligeuka chekundu.

Baba alifunga goli moja maisha yake yote. Na hata hilo, mpira wa kona uliokolewa vibaya ukamgonga kwenye ugoko, ukaingia, na yeye mwenyewe akawa wa mwisho kujua. Jumatatu alichagua blanketi la rangi ya damu ya mzee, la watu wawili, ambalo mstari mmoja haukufumwa. Mama alilipenda blanketi hilo kuliko kitu chochote chumbani. Hakumwachia mtu mwingine kulifua. Wanawake wenzake walimtania kwamba mumewe amefunga kwa bahati mbaya, naye aliwajibu kwamba hata wao waliolewa kwa bahati mbaya na hakuna aliyewarudisha.

Nahodha alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya, mkristo wa kanisa la ngoma, mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Sisi ni waislamu, babu yangu alikuja na reli kutoka Pwani akabaki huku. Idi walikula kwetu, Krismasi tukala kwao, na siku za mechi mama na mke wa nahodha walipika sufuria moja ya pilau wakagombana tu kuhusu chumvi. Nahodha nilimwita baba mkubwa, na hakuna mtu aliyewahi kunieleza kwamba hatuna undugu wa damu.

Kipa wa timu alipofariki, akiwa bado kijana, kampuni ilitoa lori la kubeba mwili hadi kwao. Kabla ya kuondoka, nahodha alimwomba dereva apite uwanjani. Lori likazunguka uwanja mzima taratibu, kando ya mstari wa chokaa, wachezaji wakitembea nyuma wakiwa wamevaa jezi, sisi wengine tumesimama kimya. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Mchezaji wa Blanketi, awe wa kusafirishwa kwao au wa kuzikwa hapa hapa mjini, alizungushwa kwanza. Wake zao walisema ambaye hajazungushwa hajaaga, na mtu ambaye hajaaga humsumbua mjane wake.

Halafu wakaja wakubwa wapya kiwandani. Waliwakusanya wachezaji kwenye kantini wakawaambia kwamba kampuni inarudi kwenye kazi yake halisi, ambayo ni kutengeneza mablanketi, kana kwamba miaka yote hiyo wale wanaume walikuwa wakiwatengenezea chapati. Timu ikavunjwa. Muda si mrefu na wachezaji nao wakamwaga unga, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa waliajiriwa kwa ajili ya mpira na mpira haupo tena. Mikono ya baba ikarudi rangi yake ya kuzaliwa. Niliichukia rangi ile.

Lakini siku ile ya kantini, mkubwa mmoja aliwapa tamu kidogo. Aliwaambia uwanja wanawaachia wao. Ni wenu, alisema, utunzeni. Na wachezaji wakapiga makofi. Baba ndiye aliyenisimulia, na alipofika hapo kwenye makofi alitabasamu. Nilitamani kutoka nje nikapige kelele barabarani. Watu wanafukuzwa kazi na wanapiga makofi!

Anayejua Eastlands, upande wetu wa Nairobi, anajua ardhi iliyo wazi hailali salama. Leo ni kibanda cha mboga, kesho mabati matatu, Jumapili unasikia vinanda, na ukija kuuliza unaambiwa kanisa lina mchungaji na mchungaji ana stakabadhi. Wachezaji waliona vibanda vikisogea kwenye kona ya uwanja wakaitana wakae waamue. Ni baba yangu aliyesimama akasema wajenge ukuta. Hoja yake ilikuwa ile anayoiamini kila mtu huku kwetu: kilichozungushiwa ukuta kina mwenyewe, na kisicho na ukuta ni cha yeyote mwenye mabati.

Nahodha alikataa. Uwanja ule ulikuwa njia. Wachuuzi waliukata katikati wakienda Kiamaiko kununua nyama ya mbuzi, wanafunzi waliupitia, mafundi wa jua kali walikaa pembeni mwake wakila mchana.

"Tuuache wazi," alisema. "Watu wakipita kila siku, mtu akija na mabati mtaa mzima utamwona. Tukifunga, tutabaki sisi peke yetu wa kuuangalia, na sisi tunazeeka."

Walimsikiliza kwa heshima, kisha wakamshinda kwa mikono iliyoinuliwa. Naye, kwa kuwa alikuwa nahodha, ndiye aliyekuwa wa kwanza kubeba mawe.

Mawe yalinunuliwa kwa mablanketi. Hapo ndipo hasira yangu inapoishi, kama ina anwani. Hawakuwa na kazi, hawakuwa na akiba, walichokuwa nacho ni magoli yao vitandani. Mke wa nahodha alishusha mapazia yake. Nyumba kwa nyumba yalikunjwa, yakafungwa kwa kamba ya katani, yakapelekwa sokoni Kariobangi, na watu ambao hawakuwahi kuiona timu ikicheza wakayageuza geuza wakitafuta kasoro ili wateremshe bei. Mama alilibeba lake mwenyewe kichwani. Nilimfuata hadi sokoni nikamwona akimwonyesha mnunuzi mahali ambapo mstari haupo, bila kuulizwa, maana hakutaka kumdanganya mtu. Aliporudi alitandika shuka juu ya shuka na hakulizungumzia tena.

Walijenga mwaka mzima, mwishoni mwa juma, siku zile zile walizokuwa wakicheza mechi. Baba alijifunza kupanga mawe kutoka kwa fundi mmoja aliyekuwa shabiki. Mimi ni mtu wa duka la ujenzi, nimeona kuta nyingi za watu wenye pesa zikiinama kabla ya rangi kukauka, na nasema bila kutia chumvi kwamba ule ni ukuta. Msingi wa kina kirefu, mawe ya kuchonga, nguzo za zege zenye vyuma ndani. Kwa sababu ya gharama waliacha nafasi ya geti moja tu. Geti moja, kufuli moja.

Mtu aliyekuja baadaye hakubomoa kitu na hakujenga kitu. Alibadilisha kufuli. Alisema kampuni imemuuzia, na kampuni ilipoulizwa ilisema ndiyo, imemuuzia, na yule mkubwa wa kantini alikuwa ameshaacha kazi na maneno yake ameondoka nayo. Mnunuzi aliwashukuru wazee kwa kumtunzia mahali vizuri. Hilo nalo baba alinisimulia kama sifa. Vibanda vingekuwepo, angehangaika navyo miaka mingi mahakamani. Njia ingekuwepo, angekuta mtaa mzima umesimama juu yake. Alikuta uwanja mtupu, safi, umezungushiwa ukuta imara, unamngoja.

Kwa muda mrefu hakufanya lolote pale, majani yakaota hadi kiunoni. Askari wa geti alikuwa mmoja wa mashabiki wetu, na mchezaji akifariki alifungua bila kuuliza. Gari la maiti lilizunguka kwenye majani, likatoka. Kisha fleti zikaanza kupanda, yule shabiki akastaafishwa, na pakawa na vigae, maegesho, na kipande cha nyasi cha kuchezea watoto wa wapangaji.

Mwaka jana nahodha aliugua. Baba alikwenda kumwona hospitali, mimi nikiwa nimemshika mkono kwa sababu ya ngazi. Walizungumza habari za wajukuu, kisha nahodha akamwomba jambo moja.

"Mnizungushe."

Baba akamwahidi. Alimwahidi pale pale, bila kupepesa macho, mtu asiye na ufunguo wa geti lolote duniani zaidi ya mlango wa choo cha nyumbani kwangu.

Nahodha alipofariki nilipewa kazi ya kuomba ruhusa, kwa kuwa inasemekana mimi najua kuongea na watu wa ofisi. Nilimpigia simu meneja wa fleti, binti mwenye adabu nyingi. Nilimweleza taratibu: gari moja, mzunguko mmoja kwenye maegesho, dakika chache, hatushuki. Alinisikiliza vizuri, akaniambia anasikitika sana, wakazi watakosa amani wakiona jeneza. Ila akasema familia inakaribishwa siku nyingine yoyote, bila mwili, kupiga picha mapokezini, maana wana picha kubwa ya timu ya zamani ukutani. Wageni wanaipenda, alisema. Nilimwuliza kama anamjua yule mrefu wa katikati aliyeshika mpira. Hakumjua. Nikamwambia ndiye huyo anayewatisha wakazi wake. Akarudia kwamba anasikitika, na mimi nikakata simu kabla sijamtukana mtoto wa watu.

Nilimwambia baba imeshindikana. Akasema twende tu, tukifika wataona ni wazee. Nilimfokea. Nilimwambia maisha yake yote amekuwa akingoja waone, na hawajaona. Akaniomba nimtafutie soksi zake nzito.

Asubuhi hiyo gari la maiti lilitoka mochari likiwa na safari ya kwenda magharibi, mjane ameketi mbele karibu na dereva, basi la waombolezaji likitungoja barabara kuu. Wachezaji waliobaki walikuwa wamekuja, wachache, mmoja na jezi iliyombana tumbo, wengine na makoti. Tulisimama getini. Askari alikuwa kijana, na sina ugomvi naye. Alituamkia vizuri, akapiga simu, akarudi akitikisa kichwa.

"Wazee wangu, samahani, si mimi. Wakiona nimefungua nitafutwa kazi leo leo."

Baba alimwambia hawataki kuingia kwa nguvu. Alimwambia tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba ukuta huu wameujenga wao. Kijana akauangalia juu hadi chini, akaupiga kofi.

"Aki mzee, mlijenga poa. Hata mwizi hajawahi kujaribu."

Na baba akasema asante.

Nilikaribia kulia kwa hasira. Nilitaka amshike huyo kijana kola, apige geti teke, afanye lolote ambalo mtu aliyeibiwa hufanya. Yeye aligeuka akamwambia dereva wazunguke kwa nje. Wenzake wakaitikia, afadhali nje kuliko kutozunguka, na gari likaondoka polepole huku wazee wakitembea nyuma yake, baba akiniegemea bega.

Upande wa barabara ulikwenda vizuri. Boda boda walitupisha. Upande wa pili ni kichochoro cha mafundi wa jua kali, na hao, sitawasahau, walizima mashine zao za kuchomelea mmoja baada ya mwingine, wakavua miwani, wakasimama. Kijana mmoja alikimbia mbele akasogeza fremu za madirisha ili gari lipite. Baba alikuwa akitembea mkono mmoja ukigusa mawe. Nilimwona akianza kuamini kwamba ahadi yake itatimia.

Tulipofika kona ya nyuma, kichochoro kiliisha. Ghala jipya limejengwa hadi likagusana na ukuta wetu, hata paka hapiti. Hakuna aliyekuwa amekuja huko nyuma kwa miaka, hakuna aliyejua. Gari likasimama. Dereva akatoa kichwa akasema hapa lazima arudi kinyumenyume, na kwamba safari ni ndefu. Mjane alisema kutoka mbele, kwa sauti ya chini, kwamba basi, wametembea vya kutosha, twendeni.

Wazee walibaki wakitazama ile kona. Kisha baba aliniachia bega. Alichukua nyundo kwenye meza ya fundi wa karibu, nyundo ya kawaida ya kunyooshea vyuma, akaenda ukutani akaupiga. Akaupiga tena. Sijawahi kumwona baba yangu akipiga kitu chochote. Kofia ikaanguka, na kutoka kwenye jiwe likatoka vumbi jeupe kidogo, la kujaa kijiko. Miaka yote nilikuwa nimeitaka hasira yake, nimeidai, nimemsimanga kwa kuikosa. Nilipoiona, sikuweza kuitazama. Ilikuwa hasira ya mzee wa nyonga mbovu mbele ya ukuta usio na ufa, na ukuta ulikuwa kazi ya mikono yake.

Yule mwenzake wa jezi ya kubana alimnyang'anya nyundo polepole. Baba akaenda nyuma ya gari, akaweka kiganja kwenye kioo, usawa wa jeneza.

"Ulisema tuache wazi," alimwambia. "Ulisema, nahodha. Mimi ndiye niliyekushinda."

Dereva akatia gia ya nyuma. Kichochoro ni chembamba, na gari lile ni pana, kwa hiyo ilibidi sisi wote, wazee na mimi na mafundi, tujibanze na migongo yetu ukutani ili nahodha apite.